Maziwa Yalirudi Meupe Siku ya Nne, Tausi Alikuwa Bado Anaumwa

Tausi sio ng'ombe wa kupiga teke. Tangu ana mimba ya kwanza nimekuwa namshika kiwele, namkanda, namwongelesha, mpaka siku alipozaa nikakaa chini na ndoo akasimama tu anacheua utadhani amekamuliwa miaka kumi. Kwa hiyo ile Jumatatu asubuhi, mwezi wa nne, masika yamechachamaa huku kwetu chini ya mlima Meru, nilivyoshika chuchu ya nyuma kushoto akarusha mguu na ndoo ikaenda kule, sikumgombeza hata kidogo. Nilijua kuna kitu.

Nikachukua kikombe changu cha kukagulia, ni kikombe cha bati tu nimekifunga kitambaa cheusi kwa raba, nikakamua mara tatu hivi. Maziwa yakapita chini, juu ya kitambaa yakabaki mabonge madogo madogo kama punje za wali uliopikwa ukazidi maji, na kile kimaji kilichochuruzika pembeni kilikuwa na unjano. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye kiwele (mgongo wa mkono, sio kiganja, kiganja cha mtu anayeshika jembe hakisikii joto vizuri), nikaanza na robo ya mbele kulia (kiwele kina robo nne, kila moja na chuchu yake) nikazunguka zote nne. Tatu za uvuguvugu wa kawaida. Ile ya nne ya moto, ngumu, na juu kabisa karibu na paja kuna uvimbe kama ngumi yangu. Na ndio robo ya nyuma, ambayo kila mfugaji anajua ndiyo inayojaza ndoo, maana chuchu mbili za nyuma zinatoa karibu asilimia 60 ya maziwa yote ya ng'ombe.

Mastaitisi. Ugonjwa wa kiwele. Nilikaa kwenye kigoda dakika nzima nimeshika tu mguu wake.

Naandika haya kwa sababu wafugaji tukikutana, iwe Tengeru siku ya soko au kwenye foleni ya kupeleka maziwa, swali ni moja tu, ulitumia dawa gani. Dawa gani, shilingi ngapi, umenunua duka gani. Sijawahi kusikia mtu anauliza, ulijuaje kama amepona? Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza, na hilo lilinigharimu ng'ombe.

Mwaka juzi nilikuwa na Sauti, huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu. Naye ilianza hivi hivi, chuchu moja, mabonge kidogo. Nikakimbia duka la dawa za mifugo, muuzaji hakuniuliza hata ng'ombe ana joto kiasi gani, akanipa tyubu moja ya dawa ya kuingiza ndani ya chuchu, akaniambia ingiza hii kesho atakuwa fresh. Na kweli kesho yake jioni maziwa yalikuwa yameanza kusafika, siku ya pili meupe pee, nikamshukuru Mungu nikaendelea na maisha, maziwa nikapeleka kituoni. Baada ya wiki tatu yakarudi. Tyubu nyingine, yakasafika, yakarudi. Mara ya nne hayakusafika tena, robo ikawa ngumu kama kipande cha mti, ikaanza kusinyaa, chuchu ikafa. Ningekuwa na ng'ombe wa chuchu tatu ningevumilia, wapo wengi na wanakamuliwa vizuri tu, lakini nilikuwa namkamua yule kwa mikono ile ile kisha nahamia chuchu nyingine, bila kunawa, kitambaa kimoja, na hapo ndipo ikaingia ya pili. Sauti alienda bucha akiwa na mimba ya tatu ya miezi miwili. Sijamsahau. Mume wangu ndiye aliyemtoa bandani, mimi nilijifungia jikoni.

Basi safari hii nilisema hapana. Kabla ya kugusa dawa yoyote nikampigia dokta wa mifugo, sio muuzaji, dokta. Akaniambia mama, usimwekee kitu mpaka nifike, na kama utaweza tafuta kichupa kisafi chenye kifuniko. Alifika na pikipiki saa nne matope mpaka magotini.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuingiza themometa. Ikasoma 39.9. Ng'ombe wa maziwa mwenye afya anacheza kwenye 38 mpaka 39 na kitu kidogo, kwa hiyo homa ilikuwepo ila sio ile ya kutisha. Akasikiliza tumbo, akavuta ngozi ya shingo kuona kama amekaukiwa maji, akashika masikio. Nikamuuliza masikio ya nini, akasema kuna aina ya ugonjwa wa kiwele inayoletwa na vijidudu vya kwenye kinyesi, hiyo inakwenda kasi, maziwa yanakuwa maji tu kama chai iliyochujwa, na ng'ombe anaweza kuanguka siku hiyo hiyo. Huyo ukiona joto limeshuka halafu masikio ya baridi, amelala hainuki, usishangilie kwamba homa imeisha, hapo mwili ndio unashindwa. Hilo nililiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa na kulipigia mstari, maana mimi kwa akili yangu joto likishuka ningeimba.

Halafu sampuli. Akaosha chuchu, akakausha kwa karatasi, akapangusa tundu la chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, pamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakamua mara chache akamwaga, ndipo akakinga kidogo kwenye kichupa, kichupa kimelala upande ili vumbi na manyoya visidondokee ndani. Nikakiweka kwenye ndoo ndogo ya rangi yenye barafu, na bodaboda akapeleka mjini Arusha kwa watu wa TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni lazima sampuli itoke kabla ya dawa, ukishaweka dawa vijidudu vinajificha au vinakufa nusu nusu na maabara hawataona kitu. Pale kwa Sauti nilikosa hatua hii moja, na bila hiyo nilikuwa napigana gizani.

Dawa tulianza jioni ile ile, tyubu asubuhi na jioni kwa siku tatu, na sindano ya kupunguza maumivu na uvimbe. Sitataja majina ya dawa hapa, kila ng'ombe na dokta wake.

Sasa ndio kazi yenyewe ikaanza, ile ya kuangalia.

Daftari ni la kawaida, kurasa 96, la mwanangu wa darasa la tano, nimelichora mistari. Kila asubuhi na jioni naandika joto. Themometa napaka mafuta kidogo, naingiza nikiielekeza ubavuni ili iguse nyama na sio kinyesi, nahesabu dakika mbili. Naandika amekula nini, amebakiza kiasi gani kwenye hori. Tausi ukimletea majani ya guatemala yaliyokatwakatwa na mgomba anaanza na guatemala, siku ya kwanza alinusa akageuza kichwa, siku ya pili alikula pumba tu. Naandika kucheua. Ng'ombe akiwa mzima tonge moja analitafuna mara 50 au 60 kabla hajalimeza kuleta lingine, na unaweza kukaa ukahesabu, mimi nilikuwa nakaa nahesabu na kikombe cha chai mkononi. Jumatatu usiku hakucheua kabisa. Jumanne asubuhi tonge moja, 31. Jumatano 48. Nilivyoona ile 48 machozi yalinilengalenga, sio siri.

Halafu kiwele chenyewe. Hapa nataka nieleweke vizuri maana watu wengi wanakosea. Kiwele hakipimwi kikiwa kimejaa. Kikijaa vyote ni vigumu, huwezi kujua kipi ni maziwa kipi ni uvimbe. Kamua kwanza mpaka mwisho, ndipo ushike. Naweka mikono miwili, mmoja kwenye robo ya nyuma kushoto, mwingine kwenye pacha wake ya kulia, nabonyeza taratibu zote kwa pamoja kama mtu anayechagua maparachichi. Ile nzima inakuwa laini, inalegea kama mfuko mtupu. Ile mgonjwa inakuambia yenyewe. Kwenye daftari nilikuwa nachora duara na kuandika, ngumi. Siku ya tatu, chungwa. Siku ya tano, limau. Dokta alicheka alivyoona akasema afadhali matunda kuliko kuniambia "kamepungua kidogo", kidogo ya jana na kidogo ya leo nani anajua.

Na maziwa ya ile chuchu nilikuwa nakamulia jagi la peke yake lenye vipimo. Kabla hajaumwa Tausi alikuwa kwenye lita 14 kwa siku, siku ya kwanza zilishuka mpaka 8, na ile robo peke yake ilitoa nusu lita tu kutwa nzima. Dokta alisema nimkamue ile chuchu mara kwa mara hata mchana, kumtoa ule uchafu, ila asubuhi na jioni tyubu iingie baada ya kukamua na sio kabla, ukiingiza kabla unaikamua dawa yako mwenyewe unaimwaga.

Alhamisi asubuhi, siku ya nne. Nikaweka kikombe cha kitambaa cheusi, nikakamua, nikatazama. Safi. Hakuna hata bonge moja. Nikarudia, safi. Joto 38.6. Amemaliza hori lote. Nikamwita mama mkwe wangu aje aone.

Mama ana miaka sabini na, hajui themometa na hataki kuijua, lakini amefuga tangu ng'ombe wa kienyeji wanalala ndani ya nyumba na watu. Akaja na fimbo yake, akasimama mbele ya Tausi, sio nyuma kwenye kiwele tulikosimama sote, mbele kabisa, akamwangalia usoni muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, huyu bado. Macho hayajarudi."

Nikamwambia Mama lakini maziwa haya hapa meupe. Akasema maziwa ni maziwa, mimi nakwambia macho. Akaondoka zake.

Tyubu ya sita iliingia asubuhi hiyo, ndiyo ya mwisho kwa ile dozi tuliyopewa, na nasema ukweli kama simu isingeita mimi ningefunga daftari. Mchana dokta akapiga. Majibu yametoka, ni stafilokokasi aureus. Akanyamaza kidogo akasema mama, huyu mdudu ni mjanja, naomba tusikomee hapa.

Alinieleza kwenye simu na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa. Kuna vijidudu vya kiwele ambavyo dawa ikifika vinakufa na habari inaishia hapo. Huyu hapana. Akiingia ndani ya kiwele anachimba kwenye nyama, anatengeneza vijipu vidogo sana usivyoviona, mwili nao kwa kujilinda unavizungushia kovu, sasa lile kovu linageuka ukuta, dawa inapita nje yeye yuko ndani. Mwingine anajificha ndani ya zile zile chembe nyeupe za damu zilizokuja kumla. Maziwa yanasafika kwa sababu walioko nje wamekufa na uvimbe umeshuka. Waliobaki wametulia tu. Baada ya wiki mbili tatu wanatoka. Nilivyosikia wiki tatu nikaona sura ya Sauti.

Nikamuuliza, kwa hiyo hatapona? Akasema nafasi ipo na ni nzuri, kwa sababu ni uzazi wa pili tu, ni robo moja, na tumemkamata siku ile ile. Angekuwa mzee, robo tatu, amekaa nao miezi, ningekwambia muuze. Tukaongeza dawa ziwe siku tano badala ya tatu, ya mwisho ikaingia Jumamosi asubuhi.

Hapo ndipo panapouma mfukoni. Maziwa ya ng'ombe mwenye dawa hayanywewi wala hayauzwi, na sio ya ile chuchu tu, ya chuchu zote nne, maana dawa inaingia kwenye damu inazunguka. Karatasi ya dawa yetu ilisema siku nne baada ya tyubu ya mwisho, ila kwa kuwa tulizidisha siku za kutibu dokta akasema nihesabu saba. Jumla kama siku kumi na mbili za kumwaga, wastani wa lita 11, piga hesabu mwenyewe kwa bei ya shilingi 1,200 tunayouzia, ni zaidi ya laki na nusu chini ya mgomba. Ndama naye alikunywa maziwa niliyonunua kwa jirani, kwa sababu kumpa mtoto maziwa yenye dawa nusu nusu na vijidudu ni kumlea ndani ya tatizo lile lile.

Jirani yangu mmoja wa chini ya mfereji aliniona namwaga akaniambia dada unatupa hela, si uchemshe tu uuze, nani atajua. Nilimjibu kwa utulivu ila moyoni nilikuwa nawaka. Kuchemsha kunaua vijidudu, ndio. Dawa ya antibayotiki kwa sehemu kubwa haiondoki kwa kuchemsha. Na huyu stafilokokasi anaacha sumu kwenye maziwa, sumu ambayo moto wa jikoni hauiwezi, mtu anakunywa chai ya maziwa saa moja saa tano anatapika na hajui kwa nini. Maziwa yetu yanakwenda kwenye chai ya wanafunzi pale barabarani. Na hata kama huna huruma, mgando utakuumbua, maana maziwa yenye dawa hayagandi vizuri, wale wadudu wema wa kugandisha nao wanakufa. Mama lishe anayekununulia akiona mtindi wake umebaki maji siku mbili, umempoteza.

Ile wiki ya kusubiri ndiyo niliyobadilisha mambo mengine. Tausi akawa wa mwisho kukamuliwa, baada ya Malaika na yule mtamba aliyezaa juzi. Kila ng'ombe na kitambaa chake, vinachemshwa. Mikono nanawa kwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe, na kijana anayenisaidia nilimwambia hilo mpaka akachoka kunisikia, maana huyu mdudu anasafiri kwa mikono yetu, sio kwa upepo. Ile mikamuo ya kwanza haimwagwi tena sakafuni. Tukimaliza kukamua kila chuchu inazamishwa kwenye kikombe cha dawa ya ayodini, na majani mapya yanawekwa horini dakika hiyo hiyo ili wasimame wale, kwa sababu tundu la chuchu linachukua nusu saa mpaka saa moja kujifunga baada ya kukamuliwa, ng'ombe akilala kwenye tope kabla ya hapo umemfungulia mlango adui. Maranda ya mbao nilikuwa nabadilisha kwa wiki, sasa nikawa natoa yaliyolowa kila siku. Masika haya hakuna namna nyingine.

Jumamosi iliyofuata, siku saba zimetimia, nikatoa kipimo. Hiki nilikinunua baada ya Sauti na ni kitu ninachowaomba wafugaji wenzangu tununue hata kwa kuchangishana watatu wanne. Ni kisahani cha plastiki chenye mkono na vishimo vinne, na chupa ya maji ya zambarau. Kilitengenezwa California mwaka 1957 na wataalamu wawili, Schalm na Noorlander, na mpaka leo unakitumia bandani bila umeme bila chochote. Unakamua kila chuchu kwenye kishimo chake, unainamisha kisahani ili maziwa yabaki sawa kote, unaongeza dawa kiasi kile kile, halafu unazungusha taratibu kama unavyozungusha uji kwenye bakuli upoe.

Na usome haraka, sekunde ishirini hivi, ukichelewa inakudanganya. Vishimo vitatu vya Tausi vilizunguka kama maji. Cha nne kilianza nacho kama maji halafu ghafla kikashikana, kikawa ute, kikajikusanya katikati na kupanda kama kilima, ukiinamisha kinateleza chote kwa pamoja kama ute wa yai. Daraja la tatu, la juu kabisa. Macho yangu yanaona maziwa meupe mazuri, kisahani kinasema ndani kuna vita. Ile dawa ni aina ya sabuni, inapasua chembe nyeupe za damu zilizomo kwenye maziwa na vilivyomo ndani yake ndivyo vinavyoshikana kuwa ute, kwa hiyo ute ukizidi askari ni wengi. Robo nzima ina chembe chini ya laki mbili kwa mililita moja. Daraja la tatu ni zaidi ya milioni tano. Kama huna hela ya ile chupa, sabuni ya unga ya kawaida gramu 3 kwenye mililita 100 za maji inafanya kazi ile ile, sio sahihi sana ila ute utauona.

Niliogopa, nikampigia dokta usiku ule. Akasema tulia, ndio kwanza wiki. Mdudu akishakufa askari hawaondoki siku hiyo, wanakaa wiki mbili, tatu, hata nne wanasafisha uwanja. Usiangalie leo ni ngapi, angalia inaelekea wapi. Kwa hiyo usikimbilie dawa tena, na usisherehekee. Pima kila wiki, siku ile ile, mkono ule ule.

Maziwa ya chuchu tatu nikaanza kuuza. Ya ile ya nne niliendelea kumwaga.

Siku ya 14 tangu tyubu ya mwisho, daraja la pili. Sampuli nyingine Arusha, maana huyu mdudu leo anatoka kesho hatoki, sampuli moja ikisema hayupo haitoshi. Majibu, hawajamwona. Duara kwenye daftari, kokwa ya parachichi. Siku ya 21, daraja la kwanza, ute mwembamba unaonekana ukizungusha na ukiacha unapotea. Ile robo ikatoa lita moja na nusu asubuhi. Nilitaka kumwita Mama, nikaona ngoja.

Alikuja mwenyewe siku mbili baadaye, hakuna aliyemwita, alikuwa anapita kwenda kuchuma majani ya maboga. Akasimama pale pale mbele. Tausi akanyoosha shingo akamlamba mkono wenye fimbo, ulimi ule mkavu wa ng'ombe unaokwaruza, Mama akamwacha alambe mpaka kwenye kiwiko. Akaniambia, "Sasa huyu amerudi. Hata harufu ya pumzi yake imerudi tamu." Nikaenda nikanusa. Sijui nilikuwa nanusa nini miaka yote, lakini kweli ilikuwa na utamu, kama majani yaliyoanza kukauka juani.

Siku ya 28 kisahani kilinionyesha alama ndogo sana, ukifumba jicho moja huioni. Sampuli ya pili nayo, hawajamwona. Kile kijiuvimbe cha juu karibu na paja kipo bado, kama punje ya harage, hakiumi nikibonyeza, dokta anasema hilo ni kovu na litabaki hivyo. Maziwa kwa jumla yamerudi lita 12 na nusu. Zile moja na nusu sizitegemei tena uzazi huu, nyama ya kiwele ikishaumia sehemu yake haikamui tena.

Kipimo cha kila wiki nimebadilisha kiwe mara moja kwa mwezi, ila kikombe cha kitambaa cheusi ni kila siku. Nimeandika pia tarehe ya kumkausha, yaani kuacha kumkamua, siku 60 kabla hajazaa, na hapo dokta amesema tutamwekea dawa ya kipindi cha kukauka kwenye chuchu zote nne, hata zile nzima, maana huyo ana historia. Ukurasa wa Sauti uko nyuma ya daftari hilo hilo, nusu ukurasa tu, sikuwa naandika wakati ule.

Leo jioni nimemkamua wa mwisho kama kawaida. Nilipoifikia ya nyuma kushoto nikaacha kidogo mkono pale, mgongo wa mkono, nikahamia ya kulia, nikarudi. Zote mbili joto moja. Akaendelea kucheua, nikahesabu, 57.